Uzuri wa mkakasi: Kwa nini wapenzi wenye sumu hutuvutia?

Bila shaka unamfahamu mtu huyu. Akiingia ukumbini kwenye harusi watu hugeuka. Anajua kuvaa, anajua kuwasalimia wazee, anajua kuchekesha. Wiki ya kwanza ya uchumba simu yake haikatiki, wiki ya pili anataja mahari, wiki ya tatu ameshachagua majina ya watoto. Miezi sita baadaye binti wa watu amekonda, hapokei simu za dada zake, na kila neno analotaka kusema hulipima kwanza kama litamuudhi bwana.

Wala si wanaume peke yao wenye tabia hiyo. Wapo pia vijana wa kiume waliofilisiwa, wakatengwa na ndugu zao na kudharauliwa mbele za watu na wanawake ambao mwanzoni mwa mapenzi walionekana kama malaika.

Jambo kama hili likitokea, ndugu na majirani huwa na majibu mawili. Wengine husema aliyeumizwa ni mjinga, alionywa akaziba masikio. Wengine husema kalishwa limbwata. Wanasaikolojia wamelichunguza suala hili kwa miaka mingi, na majibu yao yanatofautiana na hayo yote mawili. Kwa mujibu wa tafiti zao, mambo yaleyale yanayomfanya mtu wa aina hii apendeze siku ya kwanza ndiyo yanayomfanya aumize baadaye. Mvuto na sumu hutoka katika chupa moja. Kwa hiyo anayenaswa mara nyingi hakukosa akili, ila alipima mapema mno, wakati ambapo hakuna binadamu ambaye angeweza kuona.

Tabia tatu zinazotembea pamoja

Neno "sumu" kwa maana ya uhusiano unaoumiza limeenea sana katika miaka ya karibuni. Mwaka 2018 wachapishaji wa kamusi za Oxford nchini Uingereza walilichagua neno la Kiingereza lenye maana hiyo kuwa neno la mwaka. Lakini wataalamu walikuwa wameanza kulichambua jambo lenyewe mapema zaidi.

Mwaka 2002 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, Delroy Paulhus na Kevin Williams, walieleza tabia tatu ambazo mara nyingi hukutwa pamoja ndani ya mtu mmoja. Ya kwanza ni kujiona, yaani kuamini kuwa wewe ni bora kuliko wenzako na kwamba unastahili kutukuzwa. Ya pili ni ujanja wa kuwachezea watu kama karata, uliopewa jina la Machiavelli, mwandishi wa Italia wa karne ya 16 aliyeandika juu ya hila za watawala. Ya tatu ni ukavu wa moyo, yaani kukosa huruma kwa mwingine na kutojuta baada ya kumdhuru. Watafiti hao waliziita tabia hizo kwa pamoja utatu wa giza.

Ni vizuri kuweka wazi hapa kuwa kila mmoja wetu ana chembe ya majivuno, na kupenda kujipamba si ugonjwa. Mtu kujitazama sana kwenye kioo hakumfanyi kuwa mkatili. Tunachozungumzia ni pale tabia hizo zinapozidi na kukutana, kiasi kwamba mwenzake huwa si mtu tena bali chombo cha kutumia.

Swali linalofuata ni hili: ikiwa tabia zenyewe ni mbaya hivyo, mbona hazifukuzi watu?

Siku ya kwanza na siku ya saba

Jibu la kwanza lilitoka Ujerumani. Mwaka 2010 Mitja Back na wenzake, Stefan Schmukle na Boris Egloff, walichapisha utafiti uliofanyiwa wanafunzi wapya wa chuo kikuu ambao walikuwa hawajuani kabisa. Kila mmoja alisimama mbele ya wenzake akajitambulisha kwa maneno machache, kisha wenzake wakaeleza wamempenda kiasi gani. Waliopendwa zaidi walikuwa ni wale wenye kujiona. Sababu zilikuwa za kawaida kabisa: walivaa vizuri, nyuso zao zilichangamka, walisimama na kutembea kwa kujiamini, na walijua kuingiza mzaha katika maneno yao.

La kushangaza zaidi ni kwamba sehemu ya majivuno iliyovutia kuliko zote ilikuwa ile mbaya kuliko zote, yaani ile ya kuona kuwa una haki ya kupewa kila kitu na ya kuwatumia wengine kwa faida yako. Mtu wa namna hiyo hana haya wala wasiwasi mbele ya wageni, na sisi tukiona mtu hana wasiwasi hudhani kuwa ni mtu wa kuaminika.

Lakini Paulhus alikuwa ameshauona mwisho wa hadithi hiyo. Katika utafiti alioutoa mwaka 1998, aliwaweka watu katika vikundi vidogo vilivyokutana mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki saba. Baada ya mkutano wa kwanza, wale wenye kujitukuza walisifiwa na wenzao kuwa ni watu wazuri, wenye uwezo na waliotulia. Kufikia mkutano wa saba sifa hizo zilikuwa zimegeuka. Watu walewale sasa walisema wenzao hao wanajisifu, wana kiburi na ni wagumu kukaa nao.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tafiti hizi mbili zinaongeza jambo moja juu ya methali hiyo: kifuniko cha mkakasi huchukua muda kufunguka. Siku ya kwanza hakuna kinachoonekana isipokuwa nakshi, hata kwa mtu mwenye macho makali.

Hali kadhalika, utafiti uliofanywa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2014, uliwaonesha wanafunzi wa kike maelezo ya maandishi ya wanaume wa kubuni. Mwanaume aliyeelezwa kuwa na zile tabia tatu alionekana kuvutia zaidi kuliko mwenzake wa kawaida. Watafiti hawakusema kuwa wanawake wanapenda kuteswa. Walichoona ni kwamba kujiamini, uthubutu na wepesi wa kuingia kwa watu husomeka kama dalili za mwanaume mwenye uwezo, na anayeweza kuziiga dalili hizo bila kuwa na uwezo wenyewe huvuna asichopanda.

Mvua ya mapenzi

Hatua ya pili huanza pale mtu anapomwagiwa mapenzi kama mvua ya masika. Ujumbe kumi kabla ya saa sita mchana, maua kazini, zawadi usiyoiomba, ahadi ya safari, na maneno kama "sijawahi kukutana na mtu kama wewe". Waswahili tunayo maneno yetu ya zamani kwa hila hii. Tunasema fulani kapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, au kavishwa kilemba cha ukoka.

Hila hiyo hufaulu kwa sababu inagusa mambo mawili ya kibinadamu. La kwanza ni kwamba aliyepewa huona deni. Ukipewa sana, unaona vibaya kukataa jambo dogo, kwa mfano kumpa mwenzako namba ya siri ya simu yako au kuacha kwenda kwa rafiki asiyempenda. La pili ni kwamba mvua hiyo hunyesha haraka kuliko akili inavyoweza kupima. Mtu hapewi nafasi ya kulala, kuamka na kufikiri.

Mfano mmoja uliojulikana dunia nzima ni wa Shimon Hayut, raia wa Israel aliyejiita Simon Leviev na kujifanya mtoto wa tajiri wa almasi, Lev Leviev. Mwaka 2015 alihukumiwa nchini Finland kwa kuwalaghai wanawake watatu. Baada ya kutoka gerezani aliendelea kuwatafuta wanawake kupitia programu ya simu ya Tinder, akawapeleka kwenye hoteli za kifahari na kuwapandisha ndege ya kukodi. Kisha siku moja humwambia mwanamke kuwa maadui wanamwinda, kwamba kadi zake za benki zimefungwa kwa ajili ya usalama, na kwamba anahitaji mkopo wa haraka. Fedha za mwanamke mmoja ndizo zilizolipia maua na ndege ya mwanamke aliyefuata.

Gazeti la VG la Norway liliianika habari hiyo mwaka 2019, na mwishoni mwa mwaka huo mahakama ya Israel ikamfunga miezi 15 kwa makosa ya ulaghai aliyoyafanya nchini humo miaka ya nyuma, ingawa alitoka baada ya miezi mitano. Filamu ya Netflix ya mwaka 2022 ikaieneza habari hiyo kila mahali. Yeye mwenyewe amekana kuwa ni tapeli.

Baada ya filamu hiyo kutoka, wengi walicheka na kusema wanawake hao walikuwa na tamaa ya mali. Lakini mmoja wao, raia wa Norway aliyekuwa akiishi London, alieleza kuwa alimtafuta mtu huyo kwenye intaneti kabla ya kukutana naye, na akakuta kila kitu kimepangwa kuthibitisha uongo wake. Alifanya lile ambalo wengi wetu tungefanya. Kilichomwangusha ni kwamba alikuwa anachunguza mlango uliotengenezwa kwa ajili ya kuchunguzwa.

Njiwa, kamari na dozi ya leo na kesho

Ikiwa mvuto wa siku ya kwanza unaeleweka, je, kwa nini mtu habanduki pale ukatili unapoanza? Hapa ndipo watu wengi humlaumu aliyeumizwa, na hapa ndipo sayansi ina mengi ya kusema.

Wataalamu wa Marekani, B. F. Skinner na Charles Ferster, walichapisha mwaka 1957 matokeo ya majaribio yao marefu juu ya wanyama, wengi wao wakiwa njiwa. Njiwa aliyezoea kupewa chakula kila anapodonoa kitufe huacha kudonoa mara chakula kinapokoma. Lakini njiwa anayepewa leo, akanyimwa mara kumi, akapewa tena bila mpango unaoeleweka, hudonoa kwa muda mrefu sana hata baada ya chakula kukatwa kabisa. Mashine za kamari hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Mchezaji haziachi kwa sababu wakati mwingine hutoa.

Mpenzi mwenye sumu naye wakati mwingine hutoa. Leo anakutukana, kesho analia magotini. Wiki hii hasemi nawe, wiki ijayo amerudi yule yule wa mwanzo, na mikononi ana kanga mpya. Moyo husema: huyu ndiye yeye halisi, yule wa jana alikuwa na hasira tu.

Wanasaikolojia Donald Dutton na Susan Painter waliandika juu ya kifungo hiki mwaka 1981. Mwaka 1993 wakatoa utafiti juu ya wanawake 75 waliokuwa wametoka kwenye uhusiano wa mateso. Walichogundua ni kwamba kilichomfanya mwanamke aendelee kumuwaza mtesaji wake, hata miezi sita baada ya kuondoka, kilikuwa hasa kule kupishana kwa mateso na wema, pamoja na pengo la nguvu kati yao.

Wengine walichungulia ndani ya ubongo wenyewe. Helen Fisher na wenzake wa Marekani walichapisha mwaka 2010 utafiti wa watu 15 ambao walikuwa wameachwa na wapenzi wao na bado wanawapenda. Walipooneshwa picha za wapenzi hao huku ubongo wao ukipigwa picha, sehemu zilizoamka ni pamoja na zile zinazohusika na kiu ya kokeini. Kwa hiyo bibi aliyesema mjukuu wake kalishwa limbwata hakuwa mbali sana. Dawa ipo, ila hutengenezwa na mwili wenyewe.

Hata wasiwasi peke yake una mvuto. Katika utafiti wa Erin Whitchurch, Timothy Wilson na Daniel Gilbert wa mwaka 2011, wanafunzi 47 wa kike waliambiwa kuwa vijana wa vyuo vingine wametazama kurasa zao za Facebook. Wapo walioambiwa kuwa vijana hao wamewapenda sana, wapo walioambiwa wamewaona wa kawaida, na wapo walioambiwa kuwa haijulikani. Waliovutiwa zaidi na vijana hao walikuwa ni wale wa kundi la mwisho, na walikiri kuwa vijana hao hawakuwatoka akilini. Asiyeeleweka kama anakupenda hukaa kichwani siku nzima, na mtu akikaa kichwani siku nzima tunadhani ni mapenzi.

Mapenzi yanayofanana na nyumbani

Hata hivyo si kila mtu hunaswa kwa urahisi sawa. Hapa historia inatuleta Afrika Mashariki. Katikati ya miaka ya 1950 mtafiti Mary Ainsworth alikwenda Uganda na kuzifuatilia familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akitazama jinsi watoto wachanga wanavyoshikamana na mama zao. Kitabu chake juu ya watoto hao kilitoka mwaka 1967. Aliona kuwa mtoto ambaye mama yake humwitikia kwa uhakika hutambaa mbali kwa furaha na kurudi, kwa kuwa anajua mama yupo. Mtoto asiyekuwa na uhakika huo hulia na kung'ang'ania.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1987, Cindy Hazan na Phillip Shaver waliyapeleka mawazo hayo kwa watu wazima. Walichapisha maswali katika gazeti la mjini Denver, Marekani, wakiwauliza wasomaji juu ya mapenzi yao. Zaidi kidogo ya nusu walijieleza kuwa ni watu waliotulia katika mapenzi. Waliobaki walikuwa ama wenye kukwepa ukaribu, ama wenye hofu ya kuachwa muda wote.

Mtu wa kundi hili la mwisho, aliyejifunza tangu utotoni kuwa upendo huja na kuondoka bila taarifa, akikutana na mpenzi wa joto na baridi huona kama amefika nyumbani. Na akikutana na mpenzi mtulivu, anayepiga simu saa aliyosema atapiga, humwona hana ladha. Ni mara ngapi tumesikia kauli hii: "Ni mtu mzuri, lakini simsikii moyoni"? Huenda kinachokosekana ni hofu tu, na moyo umeizoea.

Jambo hili si hukumu ya maisha. Wataalamu wanasema watu hubadilika, hasa wanapoishi kwa muda na mtu wa kuaminika. Lakini mabadiliko huanza kwa mtu kujijua.

Ughaibuni hakuna mshenga

Kwetu sisi tunaoishi mbali na nyumbani, hatari hii ina sura ya pekee.

Katika desturi za pwani na bara, uchumba haukuwa jambo la watu wawili. Barua ya posa ilipofika, wazee hawakujibu siku hiyo. Walituma watu kuulizia: kijana huyu ni wa nani, alimwoaje yule wa kwanza, ana madeni, ana mkono mwepesi? Mshenga alikwenda na kurudi, na kila safari yake ilikuwa kama ile mikutano saba ya Paulhus. Desturi hiyo ilikuwa na kasoro zake, kwani mara nyingine wazee waliangalia ukoo na mali wakasahau moyo wa binti. Lakini ilikuwa na kitu kimoja ambacho mlaghai hakipendi, nacho ni muda na macho mengi.

Mjini London, Minneapolis au Muscat, mtu anarudi kutoka kazini usiku, nyumba kimya, baridi au joto nje, na simu ndiyo jamaa pekee. Hapo sauti tamu inapata nafasi ambayo isingeipata nyumbani. Zaidi ya hayo, uchumba wa simu huifanya siku ya kwanza isiishe. Mtu anaweza kuongea na mwenzake miezi minane kila usiku na bado wawe katika mkutano wao wa kwanza, kwa sababu kwenye simu kila mmoja huonesha nakshi ya nje tu. Hujamwona akikosa usingizi, akikosa fedha, akikosewa na mhudumu hotelini. Kisha wanafunga ndoa, mmoja anapanda ndege, na anafika ugenini akiwa na mkoba, viza inayomtegemea mwenzake na hana ndugu hata mmoja.

Vitisho vya karatasi ni silaha kubwa ya watu wa aina hii. "Nitapiga simu uhamiaji urudishwe kwenu" ni kauli ambayo imewafunga wengi midomo. Ni muhimu wasomaji wajue kuwa sheria haiko upande wa mtishaji kama anavyodai. Nchini Marekani, tangu sheria ya mwaka 1994 dhidi ya ukatili kwa wanawake, mume au mke wa raia au wa mkazi wa kudumu anayeteswa anaweza kuomba karatasi zake mwenyewe bila mwenzake kujua, na mwanaume pia ana haki hiyo. Nchini Uingereza, mtu aliyeingia kwa viza ya mwenza na ndoa ikavunjika kwa sababu ya ukatili anaweza kuomba ukaazi kwa njia maalumu.

Aidha, ukatili hauhesabiwi kwa ngumi peke yake. Tangu Desemba 2015, nchini Uingereza na Wales ni kosa la jinai kumtawala mwenza kwa vitisho, kumtenga na watu wake au kumpangia kila hatua, na adhabu yake inaweza kufikia miaka mitano jela. Kenya nayo ilipitisha mwaka 2015 sheria ya kukinga watu na ukatili wa majumbani, ambayo inataja pia mateso ya akili na ya kiuchumi. Na Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaeleza kuwa hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpiga mwenzake.

Kwa anayehitaji msaada, simu za bure zinapatikana saa 24: Uingereza ni 0808 2000 247, Marekani ni 1-800-799-7233 na Kenya ni 1195.

Vipimo vinne kabla ya kufunga nira

Je, mtu afanye nini? Kumkataa kila mtu mcheshi na anayevaa vizuri ni kosa la upande wa pili. Wapo watu wengi wenye maneno matamu na mioyo mitamu vilevile. Kinachotakiwa ni kupima kitu ambacho maneno hayawezi kukipaka rangi.

Kipimo cha kwanza ni neno "hapana". Mwambie mapema, kwa jambo dogo, kwamba leo hutaweza kuonana naye kwa kuwa unakwenda kwa shangazi. Mpenzi wa kweli atasikitika kidogo na kukutakia safari njema. Mwenye sumu atanuna, atakulaumu, au atatokea kwa shangazi bila kualikwa akiwa na zawadi. Hilo la mwisho hupendeza sana machoni, ndiyo maana ni vizuri kulitazama mara mbili.

Kipimo cha pili ni muda. Mtu mwenye nia njema leo atakuwa nayo pia baada ya miezi sita. Anayekuharakisha uweke sahihi, utume fedha au ufunge ndoa kabla ndugu hawajamjua, ana sababu ya kuukimbia mkutano wa saba.

Kipimo cha tatu ni jinsi anavyowatendea wale ambao hawana cha kumpa: dereva wa teksi, msichana wa kazi, ombaomba, na hasa wapenzi wake wa zamani. Ikiwa wote waliomtangulia walikuwa wendawazimu na yeye peke yake ndiye mzima, anayefuata kuitwa mwendawazimu ni wewe.

Kipimo cha nne ni wewe mwenyewe. Hesabu marafiki uliokuwa nao kabla yake na ulionao sasa. Angalia kama unacheka kama zamani, kama unalala, kama bado unasema unachofikiri. Mapenzi yanayokuongezea watu na usingizi ni tofauti na yale yanayokupunguzia.

Usimwambie "nilikwambia"

Mwisho, neno kwa ndugu na marafiki wanaotazama kwa mbali, wengi wao wakiwa nyumbani huku mpendwa wao yuko ng'ambo.

Mtesaji huhitaji mtu wake awe peke yake. Kila ndugu anayekasirika na kusema "basi, ukirudi usije kwangu" anamsaidia mtesaji kazi bila kujua. Aibu ndiyo kufuli kubwa kuliko zote. Aliyesifia uchumba wake mbele ya ukoo mzima, akachangiwa harusi, akasindikizwa uwanja wa ndege kwa vigelegele, huona ni afadhali avumilie kuliko kurudi na kusikia "nilikwambia".

Kwa hiyo piga simu, hata isipopokelewa. Tuma salamu fupi isiyotaja ugomvi. Usimtukane mpenzi wake, maana atalazimika kumtetea. Muulize yeye anaendeleaje, kisha nyamaza umsikilize. Na mwambie waziwazi kwamba chumba chake bado kipo, nauli itapatikana, na hataulizwa lolote mlangoni. Wengi waliotoka kwenye nyumba za namna hiyo hawakutoka kwa sababu walikemewa sana, bali kwa sababu walijua kuna mahali pa kwenda.